Jumamosi za Mto Oleteti

Shauri Moyo, Nairobi
12 Januari 1958

Kwa Shemeji Joash Omolo,

Pokea salamu nyingi. Mimi ni mzima, isipokuwa kifua, ambacho hakipatani na vumbi la Nairobi kila ufikapo Januari. Natumaini wewe na watu wa kambi mko salama, na kwamba dada yako Eucabeth hajaanza tena kubeba madebe mawili kwa mpigo kama alivyofanya alipokuwa na mimba ya Naliaka. Mwambie mume wake amekataza. Atacheka, lakini mwambie hivyo hivyo.

Baba yangu ameandika kutoka Kimilili. Bado anauliza kwa nini mke wangu anaishi kwa kaka yake badala ya kwa wakwe zake. Nimemjibu tena kwamba chumbani kwangu tunalala wanaume wanne, na kwamba huko kwenu ana bustani na kazi ya kuchuma pareto. Sidhani amesoma zaidi ya mstari wa kwanza. Mmoja wa hao wanne ni fundi wa reli anayekaanga samaki kila jioni, na nguo zangu zote zinanuka. Karani mwenzangu alisema nanuka kama Mjaluo. Nikamwambia nimeoa huko, nina haki.

Sasa mambo ya kazi. Bwana Pritchard, yule Bwana wa Maji mwenye buti za mpira, amepata kibali. Ukuta wa udongo utajengwa juu ya kambi yenu, pale bonde linapobana. Maji ya masika yatakaa nyuma yake mpaka kiangazi, na mfereji utayateremsha kwenye bustani za wafanyakazi. Mwenye shamba amekubali nusu ya maji iwe yenu. Hili ni jambo kubwa, na limetokana na vitabu vyako vya vipimo vya mto.

Mimi nimepewa kazi ya kuchora. Nachukua vipimo vyako vya miaka mitatu, siku kwa siku, naviweka kama nukta kwenye karatasi ya miraba. Kila nukta ni kimo cha mto kama ulivyokisoma kwenye ubao wa futi na inchi uliosimikwa mtoni. Nukta ya juu kuliko zote ndiyo itakayowaambia mainjinia wapasue njia ya mafuriko yenye upana gani kando ya ukuta. Njia ikiwa nyembamba, maji yatapita juu ya ukuta, na ukuta wa udongo ukipitiwa na maji haumalizi saa moja.

Nakuuliza jambo moja dogo tu, kwa ajili ya unadhifu wa kazi. Ule ubao husimama sawasawa siku zote saba za juma?

Ni mimi shemeji yako,
Wamalwa

*

Kambi ya Juu, Gilgil
9 Februari 1958

Shemeji Wamalwa,

Salamu katika jina la Bwana. Sisi tuko wazima wote. Naliaka alikuwa na macho mekundu, sasa amepona. Shemeji yako mdogo, yule aliyekuwa Kendu, ameolewa. Mama amepata ng'ombe mmoja mwembamba na maneno mengi.

Kiangazi ni kikali. Mto Oleteti leo ni inchi saba, na chini ya daraja hautiririki, unalowesha mchanga tu. Eucabeth huondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda chemchemi ya Dundori, hurudi saa mbili. Nimemweleza katazo lako. Amesema uje ubebe wewe. Kabichi zake zote zimekauka, hata zile alizokuwa akizifunika kwa magunia. Anasema bwawa lije upesi, hata kama litachimbwa na makarani.

Nami nasema hivyo. Nilipochukua kazi hii watu walinicheka, mtu mzima kwenda mtoni mara mbili kwa siku kuangalia ubao na penseli sikioni. Aliyekuwa akisoma kabla yangu, mzee Ndung'u, alihamishwa pamoja na Wakikuyu wengine mwaka wa hamsini na tatu, na nyumba zao tukapewa sisi. Nimekuwa nikifikiri kwamba ikiwa maji yatafika bustanini, angalau kazi ya yule mzee haikupotea.

Sabato iliyopita tulikuwa watu thelathini na mmoja katika banda la kukaushia pareto. Mzee Zablon alihubiri habari za Eliya na mvua. Mimi niliongoza somo. Tuliimba mpaka mabati yakatetemeka.

Kuhusu ubao, umesimama sawa. Niliupaka rangi mpya Novemba.

Mbona Bwana Pritchard haniulizi mwenyewe?

Wako,
Joash Omolo

*

Shauri Moyo, Nairobi
23 Februari 1958

Shemeji,

Asante kwa barua na habari za Naliaka. Mpongeze bibi harusi wa Kendu. Nimemtumia Eucabeth kitambaa kwa mkono wa dereva wa Gilgil. Akisema rangi ni mbaya, duka lilikuwa na hiyo tu.

Bwana Pritchard hakuulizi kwa sababu hajui la kuuliza. Mimi najua, kwa hiyo nauliza mimi.

Nimemaliza kuchora mwaka wa 1957. Tazama Machi, juma la pili. Ijumaa futi mbili na inchi mbili, Jumapili futi mbili na inchi nane, Jumamosi katikati kabisa, futi mbili na inchi tano. Juma lililofuata ni hivyo. Aprili ni hivyo. Nimerudi mpaka 1955. Shemeji, ni mto gani huu unaojua kugawanya kwa mbili, tena siku moja tu ya juma?

Mimi si mgeni kwenu. Harusi yangu ilihamishwa mara mbili kwa sababu wajomba zangu wa Kaimosi, watu wa kanisa la Friends, walitaka Jumamosi. Nimeiona Ijumaa ya mama mkwe wangu, anavyofagia na kupika na kuosha vyombo akikimbizana na jua. Na nilipokuombea kazi hii nilimwambia Bwana Pritchard hunywi, huvuti, hukosi. Kulikuwa na jambo la nne ambalo sikulisema.

Kwa hiyo sikuulizi kwa nini. Nakuuliza tarehe moja tu. Jumamosi, 18 Mei 1957. Kitabu chako kinasema Ijumaa futi tatu na inchi mbili, Jumapili futi sita kamili, na Jumamosi, kama kawaida, katikati: futi nne na inchi saba. Lakini ripoti ya watu wa barabara inasema daraja la lori lililo chini yenu lilichukuliwa na maji siku hiyo hiyo. Futi nne na inchi saba haziwezi kulichukua lile daraja. Haziwezi hata kuchukua mbuzi.

Mto ulifika wapi siku ile?

Wamalwa

*

Shauri Moyo, Nairobi
19 Machi 1958

Shemeji Joash,

Hamjambo. Sijapata jibu.

Michoro ya bwawa inakwisha mwezi ujao na kazi itaanza Juni. Upana wa njia ya mafuriko umeshaandikwa: futi kumi na mbili. Nimeona karatasi yenyewe. Injinia ameuhesabu kutokana na nukta ya juu kuliko zote, na nukta hiyo ni futi sita, ile Jumapili yako. Jumamosi ya 18 Mei bado imeandikwa futi nne na inchi saba.

Nyumba ya tatu kutoka mtoni ni ya mke wangu. Wewe uko ya sita. Kati yenu na ukuta hapatakuwa na kitu ila mteremko.

Niandikie.

Wamalwa

*

Kambi ya Juu, Gilgil
30 Machi 1958

Shemeji Wamalwa,

Salamu. Naliaka ameng'oka jino. Mvua imeanza, na watu wamepanda viazi. Eucabeth ni mzito sasa, amesimamishwa kuchuma pareto, anakaa nyumbani na kutawala kambi nzima akiwa kitini.

Nilitaka kukuandikia kwamba mfuko wa posta ulikwama mjini. Haukukwama. Barua yako ya Februari ilifika tarehe 4 Machi, nikaiweka ndani ya Biblia, na kila nilipofungua Biblia niliiruka. Ile ya pili ilipofika, aliyepewa na mwendesha lori ni Eucabeth. Alikuja nayo jikoni kwangu, imefunguliwa.

“Joash, hii futi nne ni ya nani?”

“Ni ya mto.”

“Mto gani? Mimi nilikuwa pale. Maji ilibeba sufuria zangu kutoka kwa jiwe ya kufulia, na hiyo jiwe iko juu ya kichwa yako ukisimama. Wewe unaandikia Mzungu futi nne?”

Nikamwambia haya si mambo ya wanawake. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyosema. Akaketi juu ya gunia langu la mahindi na kusema haondoki mpaka anione nimeshika kalamu. Nilimwacha pale nikaenda kusoma ubao wa saa tisa. Niliporudi alikuwa bado pale, anachambua maharagwe yangu.

Basi nakueleza. Tarehe 18 Mei tulikuwa bandani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Katikati ya somo nilisikia mto, kwanza kama lori linalopanda kilima, kisha hatukuweza kusikiana. Nilijua ni nini. Kila mtu alijua. Mzee Zablon alinitazama, nikaendelea na somo. Siendi mtoni siku ya Sabato, hilo unalijua. Lakini labda hujui kwamba siwezi kumtuma mtu pia. Amri haisemi mimi peke yangu. Inasema mwana, binti, mtumishi, mnyama, na mgeni aliye malangoni. Nikimwambia Kiprugut, yule mchunga ng'ombe wa ng'ambo, aende anisomee, kazi ni yangu na dhambi ni yangu, nimeazima miguu yake tu. Kwa hiyo kwa miaka mitatu sikumwomba mtu.

Jumapili asubuhi nilikuta nyasi na matawi yamening'inia kwenye waya wa juu wa ua wa ng'ombe. Nilipima kwa kamba. Futi kumi na moja na inchi mbili. Ubao wenyewe unaishia kumi.

Nilisimama pale na kitabu. Nikiandika kumi na moja kwenye mstari wa Jumamosi, wataniuliza maji yalifika saa ngapi, nami sijui. Nikiacha wazi, ofisi ilikwisha kuniandikia kwamba msomaji mwenye nafasi wazi kitabuni ataondolewa. Nikafanya kama nilivyozoea. Nikajumlisha, nikagawanya.

Nimekuwa nikijiambia kwamba hayo ni makadirio. Si makadirio. Nimeilinda amri ya nne, ya Sabato, kwa kuvunja ya tisa, ya kutoshuhudia uongo, kila juma, miaka mitatu, na nikasimama mbele ya watu kuongoza somo. Nimeona aibu.

Jambo lingine baya. Ule ua haupo tena. Malisho yalihamishwa Agosti, nguzo zikang'olewa. Alama imekwenda nazo.

Fanya unavyoona ni sawa na barua hii.

Joash

*

Shauri Moyo, Nairobi
27 Aprili 1958

Shemeji Joash,

Salamu kwako na kwa Eucabeth. Nimesikia kutoka kwa dereva kwamba hajajifungua, na kwamba kitambaa amekipenda ingawa amekataa kusema.

Nilikaa na barua yako siku tisa ndani ya koti. Sikukueleza jambo fulani hapo mwanzo, na sasa ni haki yako kulijua. Chini ya kila ukurasa wa kila kitabu chako pana neno “Imekaguliwa” na herufi za jina langu. Mimi ndiye mkaguzi. Niliziona Jumamosi zako tangu mwaka wa kwanza. Nilicheka peke yangu, nikasema shemeji yangu huyu, nikaweka sahihi. Mto mdogo kama ule, nilifikiri, siku moja kwa juma itamdhuru nani? Kisha wakaamua kujenga juu ya nyumba yangu.

Siku ya kumi niliandika maelezo, nikaingia nayo ofisini. Bwana Pritchard alisoma maelezo yangu mara mbili, akavua miwani.

“Wamalwa, wewe najua hii maneno tangu lini?”

“Tangu mwaka wa kwanza, bwana.”

“Na wewe natia sahihi?”

“Ndiyo, bwana.”

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alichukua mchoro wangu, kazi ya miezi minne, akapitisha kalamu kwenye Jumamosi zote, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho. Ilichukua muda mrefu naye hakuniambia nitoke.

Sasa niko stoo, nahesabu mabomba na kofia za mabomba. Hiyo ni halali yangu.

Bwawa limesimamishwa. Futi zako kumi na moja ni neno lako tu, kwa kuwa ua haupo, na neno lako, nisamehe, kwa sasa halina uzito ofisini. Bwana Pritchard anasema itabidi mafuriko makubwa yapimwe upya, saa kwa saa, ama bwawa lingoje. Eucabeth atabeba maji kiangazi kingine. Mwambie wewe. Mimi sina uso wa kumwambia.

Hujafukuzwa. Alisema msomaji anayekiri hupatikana mara chache kuliko msomaji anayekosea. Atakuja mwenyewe mwezi wa tano na watu wa kupima. Anataka kuzungumza na wanawake wanaochota maji na wachunga ng'ombe wa ng'ambo, kwa sababu aliniuliza nani mwingine aliuona mto siku ile, nikamwambia wote, bwana, isipokuwa wale tuliowaajiri. Na Jumamosi atampa mtu mwingine. Nimemtajia Kiprugut. Kama ungesema tangu mwanzo, Joash, au kama mimi ningesema, ingechukua dakika tano.

Nina hasira nawe, sitaficha. Nyingine ni juu yangu mwenyewe na hiyo ndiyo kubwa.

Wamalwa

*

Kambi ya Juu, Gilgil
Jumapili, 25 Mei 1958

Shemeji yangu Wamalwa,

Kwanza habari njema. Una mtoto wa kiume, amezaliwa tarehe 14, mvua ikinyesha, na mama yake anasema kwa hiyo, kwa desturi yenu, ni Wafula na baba yako huko Kimilili hatakuwa na la kupinga. Wote wawili ni wazima. Naliaka anasema mtoto ana sura ya viazi. Nimemwambia ni sura yako.

Nilimweleza Eucabeth habari ya kiangazi kingine. Akauliza kama madebe yetu mawili yanayovuja yanaweza kuzibwa.

Bwana Pritchard alikuja tarehe 7. Aliwakusanya wanawake mtoni na kumwomba kila mmoja aonyeshe mahali alipoyaona maji mwaka jana, peke yake, bila kusikia wenzake. Jepkosgei, mke wa Kiprugut, alionyesha shina la mti. Eucabeth aliteremka polepole na tumbo lake mpaka kwenye jiwe la kufulia, akaweka mkono juu. Wengine wanne wakafuata. Bwana Pritchard alipima kila mahali, na zilipishana kwa futi moja tu, kati ya kumi na nusu na kumi na moja na nusu. Alisema alipaswa kuanza na hawa miaka mitatu iliyopita. Mke wako akamjibu, “Hata mimi nilikuwa nashangaa.” Lakini Bwana Pritchard akasema pia mainjinia hawatajenga juu ya jiwe la kufulia. Wanataka ubao, saa, na mtu aliyeona. Watu wake walipigilia ubao wa pili juu ya ule wa kwanza, hadi futi kumi na nne.

Kiprugut nilimfundisha siku ya Alhamisi. Kitabu chake alipewa na Bwana Pritchard kwa mkono wake mwenyewe. Nilisisitiza hivyo, ili kazi iwe yake na si yangu, na Bwana Pritchard akanitazama kama mtu mwenye homa. Jumamosi mbili Kiprugut alisoma vizuri. Mara ya kwanza kwa miaka mitatu nilikaa bandani nikasikia somo.

Jana ilikuwa Jumamosi ya tatu. Ilinyesha tangu Ijumaa alasiri. Kiprugut anakaa ng'ambo, na ubao unatazama upande wetu, hivyo huvuka kwa gogo. Saa nne asubuhi, tukiwa katika sala, mlango wa banda ulifunguliwa. Alikuwa Eucabeth, na Wafula amefungwa mgongoni chini ya gunia, siku kumi tu tangu azaliwe.

“Gogo imeenda,” alisema. “Kiprugut anapiga kelele huko ng'ambo, hakuna mtu anasikia. Maji imeshapita jiwe ya kwanza.”

Mzee Zablon alikuwa amefumba macho.

“Joash, nipe kitabu na ile saa yako. Nitasoma mimi. Mimi si wa Sabato tena, niliolewa.”

Nilikitoa kitabu mfukoni. Sijui kwa nini nilikuwa nacho. Alinyoosha mkono. Nikaona kwamba nikimpa nitakuwa nimemtuma, na nikimnyima nitakuwa nimefanya tena kama mwaka jana. Mtoto alikuwa amelowa mguu mmoja. Nikamwambia arudi nyumbani, akakaushe mtoto. Nikatoka mimi.

Nilikaa mtoni tangu saa nne na robo mpaka saa kumi na mbili kasoro. Nilisoma mara tu nilipofika, kisha kila saa kamili na kila nusu. Kwa sauti ya maji sikujisikia hata nikikohoa. Saa nane na nusu ulifika futi kumi na mbili na inchi moja, ukakaa hapo dakika ishirini, nami, Wamalwa, nilitazama nyuma nikaona nyumba ya tatu na ya sita na moshi wa Eucabeth, na nikakumbuka njia ile ya futi kumi na mbili mliyokwisha kuichora.

Mzee Zablon alikuja saa kumi, na mwavuli. Alisimama nyuma yangu mpaka nilipomaliza kuandika.

“Joash, unafanya nini leo?”

Alikuwa anasubiri nimwambie ni jambo la rehema. Angenikubalia. Hata andiko alikuwa nalo tayari, lile la ng'ombe aliyetumbukia kisimani. Ni mtu mwema, ndiyo maana alikuja peke yake.

Nikamwambia, “Nafanya kazi, mzee.”

Akaenda zake. Leo asubuhi wameniondoa kuongoza somo. Sikubisha. Nitaendelea kwenda, nitakaa nyuma.

Vipimo viko upande wa pili wa karatasi hii, kumi na sita, kila kimoja na saa yake. Kile cha saa saba kimefutika kwa mvua, nimeacha wazi. Mpelekee Bwana Pritchard. Mwambie hivi nimeviona.

Shemeji yako,
Joash Omolo